Mtoto Msumbufu: Msaada Uanzie Nyumbani Kwake

Kuna mtoto ambaye kila kijiji kinamjua. Hatuna haja ya kumtaja jina, kwa sababu si mmoja, wala si wa nyumba moja. Umri wake ni miaka kumi na mmoja au kumi na miwili. Shuleni hupigana, na siku asipopigana huwa hakuhudhuria. Nyumbani huvunja vyombo akikasirika, huiba fedha alizofunga mama katika pindo la kanga, na usiku hugutuka akipiga kelele. Siku nyingine hukaa kimya kutwa nzima, hali wala hasemi. Jirani akimwona anapita huwaita wanawe ndani. Mwalimu amekwisha kuandika barua na kuzirudia. Mama amekwisha kumchapa, amekwisha kumpeleka kwa mganga, amekwisha kuomba asomewe dua, na sasa anafikiri kumpeleka kwa ndugu yake mjini Tanga ili naye apate kupumua.

Ukipita Mwera, au kijiji kingine chochote cha wilaya ya Pangani, ukauliza dawa ya mtoto kama huyo, utapewa majibu matatu. Wa kwanza atasema fimbo. Wa pili atasema apelekwe polisi. Wa tatu atasema aondolewe hapa, aende mahali pengine popote. Majibu hayo hutolewa na watu wazima wenye nia njema waliochoka. Hata hivyo yote matatu yana kasoro moja: yanamtazama mtoto peke yake, kana kwamba alizuka tu, hana mama, hana bibi, hana mjomba, hana mwalimu, hana historia. Sisi tunaona kwamba msaada wa kweli kwa mtoto wa namna hii ni ule unaokwenda nyumbani kwake, ukawakusanya wale wanaomlea, ukawapa nguvu na maarifa, na ukakaa nao muda wa kutosha. Tunaona pia kwamba wajibu wa kuanzisha msaada huo hauwezi kuachiwa mama peke yake. Ni wajibu wa jamii na wa serikali yake.

Kwanza tutenganishe mambo. Utundu wa kawaida si ugonjwa. Mtoto anayepanda mwembe wa watu, anayedanganya kwamba amekwisha kuoga, au anayegombana na dada yake, ni mtoto kama watoto wengine. Tunayemzungumzia ni yule ambaye mwenendo wake umedumu kwa miezi mingi, umeonekana nyumbani na shuleni pia, na umefika mahali pa kumdhuru yeye mwenyewe au wenzake, au kumzuia asijifunze wala asipate rafiki. Tena tusimsahau mtoto mkimya. Anayevunja vyombo huonwa na wote, bali anayejifungia ndani na kukataa chakula husifiwa kuwa ana adabu, hata siku ambapo jambo baya zaidi hutokea.

Watoto hawa si wachache kama tunavyodhani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila vijana saba wenye umri kati ya miaka 10 na 19 ulimwenguni, mmoja ana tatizo la afya ya akili, na kwamba theluthi moja ya matatizo ya akili huwa imekwisha kuanza kabla ya umri wa miaka 14. Maana yake ni kwamba mgonjwa tunayemfunga kamba akiwa na miaka thelathini, mara nyingi tulikuwa naye darasani alipokuwa na miaka kumi na mitatu, tukamwita mtoro.

Sasa tuyatazame yale majibu matatu, tuanze na fimbo. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na maneno hayo yamebeba hekima: mtoto huhitaji mipaka, na mzazi anayeogopa kuiweka atajuta. Lakini tumeyafanya kuwa ruhusa ya kupiga. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009 na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wa nchi hii, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kama kipigo kingekuwa dawa ya mwenendo mbaya, basi kwa dozi hiyo nchi yetu ingekuwa haina mtoto msumbufu hata mmoja. Ukweli ni kwamba mtoto aliyekwisha kuumizwa huona katika kila fimbo ushahidi mpya kwamba dunia ni ya kupigana. Na mwisho wa njia hiyo tumeuona: mwezi Agosti 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi huko Bukoba, aliyeshukiwa kuchukua mkoba wa mwalimu, alikufa baada ya kuchapwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema wazi kwamba adhabu iliyopita kiasi, au isiyolingana na umri na hali ya mtoto, haina uhalali wowote.

Jibu la pili ni polisi na mahakama. Hapa lazima tuwe wakweli: yapo makosa ambayo jamii haiwezi kuyafumbia macho. Mwezi Januari 2015, na tena Septemba 2022, jiji la Dar es Salaam lilitiwa hofu na makundi ya vijana yaliyoitwa Panya Road, ambao wengine wao walikuwa bado wadogo. Aliyejeruhiwa kwa panga ana haki ya kulindwa. Lakini tuitazame njia yenyewe. Mkoa wetu una mahabusu ya watoto hapa Tanga, nayo ni mahali pa kumweka mtoto anayengojea kesi. Haikujengwa kwa ajili ya kutibu nyumba aliyotoka. Akipatikana na hatia, sheria inakataza asifungwe gerezani, na mahakama yaweza kuagiza apelekwe shule ya maadilisho. Shule ya maadilisho ya Serikali inayojulikana ni ile ya Irambo, mkoani Mbeya. Kutoka Pangani hadi Mbeya ni safari ya zaidi ya kilomita 900. Mama anayeishi kwa kibarua cha mkonge atamtembelea mwanawe huko mara ngapi? Na mtoto atakaporudi, hata kama amefunzwa ufundi na adabu, atarudi katika nyumba ileile, kwa watu walewale, ambao hakuna aliyewafunza lolote muda wote alipokuwa hayupo.

Ni vema ifahamike kwamba sheria yenyewe haikukusudia Irambo iwe mlango wa kwanza. Sheria ya Mtoto inaipa mahakama uwezo wa kumwacha mtoto aendelee kukaa kwao chini ya usimamizi wa afisa ustawi wa jamii. Tena inaziagiza serikali za mitaa, yaani halmashauri zetu, kuwalinda watoto walio katika maeneo yao na kustawisha hali zao. Kwa hiyo msaada tunaoudai hapa si jambo jipya la kuombwa kama hisani. Umeandikwa katika sheria tangu mwaka 2009. Unaokosekana ni mkono wa kuutekeleza.

Jibu la tatu, la kumwondosha mtoto, ni la zamani kuliko yote mawili, na katika mkoa wetu lina kumbukumbu yake ya kusikitisha. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walijenga mwishoni mwa karne ya 19 makao ya watoto waliookolewa katika utumwa. Baadaye makao hayo yaligeuka kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, nayo ni miongoni mwa hospitali za namna hiyo za zamani kabisa katika Afrika Mashariki. Wale watoto wa kwanza wa Lutindi walikuwa hawana jamaa kwa sababu watumwa hunyang'anywa jamaa. Lakini mtoto wa leo anao. Kumtenga nao kwa sababu tu hatujui la kufanya ni kumfanya yatima wakati watu wake wangali hai.

Kama majibu hayo matatu hayatoshi, je, lipo jingine? Lipo, na wazee wetu hawatalishangaa. Zamani, Mzigua au Mbondei aliyesumbuliwa na mtoto hakukaa na shida hiyo peke yake. Kiliitishwa kikao. Mjomba, ambaye kwa Wazigua alikuwa na sauti kubwa, aliketi. Baba mdogo na shangazi waliketi. Bibi alisema aliyoyaona tangu mtoto alipokuwa mgongoni. Pengine iliamuliwa mtoto akae kwa mjomba hadi mavuno, lakini aliamuliwa hivyo na watu wanaomjua, kwa muda unaojulikana, na njia ya kurudi ilibaki wazi. Mkono mmoja haulei mwana: methali hii ilikuwa utaratibu wa kazi, wala haikuwa pambo la mazungumzo.

Ajabu ni kwamba jambo ambalo sisi tunaelekea kulisahau, wengine wameliandika katika sheria. Nchi ya New Zealand, baada ya kuona kwamba watoto wa Wamaori walikuwa wakichukuliwa kwa wingi kutoka katika jamaa zao na kuwekwa katika taasisi, ilitunga sheria mwaka 1989 iliyoanzisha kikao cha jamaa. Mtoto anapokuwa hatarini au anapokosa, afisa huwaita wazazi, bibi na babu, mashangazi na wajomba. Huwaeleza mambo yalivyo bila kuficha. Kisha hutoka, akawaacha jamaa peke yao wazungumze na kupanga mpango wao. Akirudi, mpango huo hujadiliwa, na ukiwa unamlinda mtoto, ndio unaofuatwa, na serikali hutoa msaada ili utekelezwe. Asili ya mpango huo ni mila ya Wamaori wenyewe, na leo nchi nyingine nyingi zimeuiga.

Msomaji wa Mwera anaweza kusema: basi turudi kwenye mila, mambo yamekwisha. Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Hapa inafaa tukumbuke jinsi maeneo haya yalivyokaliwa. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Ikasalimika 62 tu, nayo ilipandwa Kikogwe, karibu na mji wa Pangani. Kutokana na miche hiyo yalienea mashamba makubwa ya pwani hii, na hadi mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa ikitoa tani zipatazo 230,000 za mkonge kwa mwaka, ikiongoza ulimwenguni. Lakini mkonge haukujikata wenyewe. Waliukata manamba, wanaume walioletwa kwa mikataba kutoka nchi za mbali: Wabena, Waha, Wanyamwezi, Wamakonde na wengineo. Walikaa makambini. Baadhi yao walioa na kuzaa huku, bali ukoo ulibaki Songea au Kigoma. Kisha bei ya mkonge ikaanguka, mashamba yakadorora, na wajukuu wao wakabaki kandokando ya mashamba hayo, wakiishi kwa kilimo kidogo, vibarua na uvuvi.

Kwa sababu hiyo, katika vijiji kama Mwera kuna nyumba nyingi ambazo ukiitisha kikao cha ukoo atakuja mtu mmoja: bibi. Baba alikwenda kuvua Kipumbwi au kutafuta kazi Dar es Salaam, akaoa huko. Mama amefariki au anafanya kazi za ndani mjini. Mjomba anajulikana kwa sauti ya simu tu. Kumwambia bibi huyo arudi kwenye mila ni kumdhihaki. Hata methali isemayo kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu imekuwa mzigo wa kumbebesha mwanamke lawama, ilhali ulimwengu wenyewe ulikwisha kumnyang'anya wale waliopaswa kumsaidia kufunza. Pale ambapo ukoo haupo, lazima nafasi yake ijazwe na watu wengine walio karibu, na kuwakusanya watu hao ni kazi inayohitaji mtu aliyeajiriwa kuifanya.

Marekani walifikia jambo hili kwa njia yao, baada ya gharama kubwa. Mwaka 1982 mtafiti Jane Knitzer alitoa ripoti iliyoonyesha kwamba kati ya watoto milioni 3 wa nchi hiyo waliokuwa na matatizo makubwa ya hisia na mwenendo, milioni 2 hawakuwa wakipata huduma waliyoihitaji, na kwamba wengi walijazwa hospitalini kwa kuwa hapakuwa na msaada wowote karibu na kwao. Mwaka 1984 serikali ya huko ilianza mpango wa kuyasaidia majimbo kujenga huduma katika jamii. Kutokana na juhudi hizo ulienea utaratibu ambao twaweza kuueleza kwa maneno mepesi hivi: badala ya kumpeleka mtoto kwenye huduma, huduma zinaizunguka familia. Mtu mmoja huteuliwa kuwa mratibu. Familia yenyewe hutaja ni nani wanaowaamini: huenda akawa jirani, kiongozi wa dini, kocha wa mpira au mwalimu fulani. Watu hao pamoja na wataalamu huketi meza moja na kuandika mpango mmoja, wenye mambo machache yanayopimika, na hukutana tena na tena hadi hali itengemae.

Je, mpango kama huo waweza kufanya kazi huku, ambako daktari wa akili wa watoto ni adimu? Ushahidi upo karibu kuliko tunavyofikiri. Katika eneo la Bungoma nchini Kenya na Moshi hapa kwetu, watafiti waliwafuata watoto 640 wenye umri wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi na kubaki na majeraha ya moyoni. Waliowahudumia hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa, na walezi wa watoto hao nao waliketi katika vikundi vyao ili wajifunze namna ya kuwasaidia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba matibabu yalipomalizika, watoto waliohudumiwa hivyo walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao katika maeneo matatu kati ya manne: mjini na vijijini Kenya, na mjini Moshi. Katika vijiji vya Moshi tofauti haikuonekana, na baada ya mwaka mmoja, tofauti ilibaki Kenya tu. Upande wa Tanzania watoto wa makundi yote mawili walikuwa wamepata nafuu inayolingana.

Tumeyataja matokeo yote kwa makusudi, ya kupendeza na yasiyopendeza. Yanatufunza mambo mawili. La kwanza, mtu wa kijijini aliyefunzwa vizuri anaweza kumtibu mtoto aliyeumia, na kwa hiyo ukosefu wa madaktari si kisingizio cha kukaa bure. La pili, kinachofanya kazi mahali pamoja hakihamishwi kama gunia la mbegu. Mwera si Bungoma, wala si Moshi. Inabidi tujaribu, tupime, na turekebishe.

Na jambo lenyewe laweza kuanza vipi? Tumfikirie tena yule mtoto wa mwanzo. Tuseme afisa ustawi anakwenda kwao, wala hamwiti ofisini. Anamkuta bibi, anaketi kwenye kigoda, anauliza kabla ya kushauri. Anagundua kwamba makelele ya usiku yalianza alipofariki mama. Kwamba mtoto hajapimwa masikio wala kifafa. Kwamba hula mlo mmoja kwa siku. Na kwamba yupo fundi baiskeli jirani ambaye mtoto humtii. Basi kikao kinakuwa na bibi, fundi, mwalimu wa darasa, ustadhi wa madrasa na mhudumu wa afya. Wanakubaliana mambo manne. Mtoto apelekwe zahanati, na ikihitajika Hospitali ya Bombo. Mwalimu amkalishe mbele na asimchape. Kila alasiri akae kwa fundi saa moja. Bibi afundishwe namna ya kusema naye anapokasirika, na jina la kaya lipelekwe kwa wanaoshughulikia mpango wa kunusuru kaya maskini. Baada ya wiki mbili wanakutana tena. Hakuna ghorofa lililojengwa hapa, wala mashine iliyoagizwa. Lakini yupo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba mambo hayo manne yanafanyika.

Zipo hoja za kupinga, na ni haki zijibiwe. Ya kwanza inasema kwamba mara nyingine nyumbani ndiko ugonjwa uliko. Ni kweli kabisa. Ule utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha pia kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba hivi, walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya miaka 18, na wanaotenda maovu hayo mara nyingi ni watu wanaojulikana na mtoto. Kumsaidia mtoto kupitia jamaa zake hakuna maana ya kuficha aibu ya jamaa. Anayemharibu mtoto apelekwe mbele ya sheria, wala kikao kisigeuzwe mahali pa kupokea mbuzi na kuyamaliza kimyakimya. Hata hapo, mtoto akiondolewa katika nyumba moja, atafutiwe kwanza shangazi au bibi aliye salama kabla ya kupelekwa kwa wageni. Kwa dharura, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo.

Hoja ya pili ni ya imani. Wapo wanaoamini kwamba mtoto wa namna hii ana jini au ametupiwa kitu. Hatutaki kumkejeli mtu kwa imani yake, na tunajua kwamba dua imewapa faraja wazazi wengi. Tunachoomba ni kwamba asomewaye dua apelekwe pia zahanati, kwa maana kifafa, usonji na majonzi mazito vina watu waliosomea namna ya kuvisaidia. Na kwamba mtoto asifungwe minyororo wala asichomwe kwa jina la tiba yoyote. Shehe, padri na mganga wakiketi katika kikao kimoja na mhudumu wa afya, watakuwa na manufaa zaidi kuliko wakivutana juu ya kichwa cha mtoto.

Hoja ya tatu ni ya fedha, na halmashauri huipenda sana. Tunajibu kwamba sehemu kubwa ya watu wanaohitajika wamekwisha kuwekwa. Mpango wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza mwaka 2017, uliagiza kuundwa kwa kamati za ulinzi wa wanawake na watoto hadi ngazi ya kijiji. Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kufunza zaidi ya watu 137,000 katika miaka mitano, wawili katika kila kitongoji au mtaa. Walimu wapo. Viongozi wa dini wapo. Wasiokuwapo kwa kutosha ni maafisa ustawi wa jamii, na hao waliopo hupewa kata nyingi bila usafiri wala fungu la kazi. Tena wamewekwa chini ya mabwana wawili: sera iko katika Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, ilhali ajira na bajeti zao ziko katika halmashauri zilizo chini ya TAMISEMI. Mtumishi wa mabwana wawili hukumbukwa na wote siku ya lawama, na kusahauliwa na wote siku ya bajeti.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo, nayo si ya ndoto. Halmashauri ya Wilaya ya Pangani, na halmashauri nyingine za mkoa huu, zitenge fungu linaloonekana kwa ajili ya ustawi wa jamii, hata kama litaanza na pikipiki na mafuta yake. Upande wa kusini wa mto Pangani, ambako ndiko iliko Mwera, uwe na afisa wake anayekaa hukohuko, kwa sababu mzazi anayelazimika kuvuka mto na kusafiri hadi Tanga kutafuta ushauri atakwenda mara moja na hatarudi tena. Mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii yawe na somo la kuwatambua watoto wenye shida ya hisia na mwenendo, na namna ya kuketi na familia. Kamati za ulinzi zisikutane tu pale mtoto anapokuwa amekwisha kubakwa au kuumizwa. Zikutane pia anapokuwa ameanza kutoroka shule. Na mahakimu wanaosikiliza mashauri ya watoto wautumie uwezo waliopewa wa kumwacha mtoto kwao chini ya usimamizi, lakini kwanza wahakikishiwe kwamba msimamizi huyo yupo.

Kwa walimu tunasema hivi: barua ya kumlaumu mzazi haijapata kumponya mtoto. Mwalimu akienda mwenyewe nyumbani mara moja, atajifunza mengi kuliko atakayoyapata katika daftari la mahudhurio la mwaka mzima. Kwa majirani tunasema: mnapowaita wanenu ndani mtoto huyu akipita, anawaona, naye anayaweka moyoni. Na kwa yule mama, au yule bibi, tunasema kwamba kuomba msaada si kukiri kuwa umeshindwa kulea. Aliyeshindwa ni yule aliyeona moshi kwa jirani akafunga dirisha.

Nchi hii iliwahi kujenga shule kwa mikono ya wananchi, na ikafuta ujinga kwa madarasa ya watu wazima chini ya miembe. Kazi hii ya sasa ni ndogo kuliko hizo. Inataka watu watano au sita walioketi kwenye mkeka mmoja, mpango mmoja wenye mambo manne, na afisa mmoja mwenye pikipiki. Yule mtoto wa Mwera ana miaka kumi na miwili leo. Baada ya miaka sita hatakuwa mtoto tena mbele ya sheria, na mlango wa gereza hautamuuliza alilelewa na nani. Bajeti tano au sita za halmashauri zitapita kabla ya siku hiyo, na madiwani watakaozipitisha wanamjua yeye na nyumba yake.